Anayetongoza Katika Shairi Asomwe Vipi?

SWALI: Ninafundisha fasihi na Kiswahili katika shule moja ya sekondari karibu na Bombo. Muhula huu tulisoma shairi la Andrew Marvell liitwalo "To His Coy Mistress", tukalijadili kwa Kiswahili, na darasa la kidato cha tano likagawanyika. Wapo wanaosema kwamba anayesema katika shairi ni mpenzi wa kweli aliyeuelewa ufupi wa maisha, mvulana mmoja ameandika, "Mtu huyu hamtishi yeyote, yeye mwenyewe anaogopa kufa." Wengine wanasema ni mlaghai, msichana mmoja ameuliza katika insha yake, "Mbona funza wa kaburini wanamhusu mwanamke peke yake?" Je, shairi moja linaweza kubeba fasiri mbili zinazopingana, au upande mmoja umekosea? Kumshutumu anayesema si kumvunjia heshima mshairi? Na mimi nitoe alama kwa kigezo gani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na swali lako la pili kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Kumshutumu nafsineni, yaani yule anayesema shairini, si kumshutumu mshairi. Marvell alizaliwa mwaka 1621, akawa mbunge wa mji wa Hull huko Uingereza tangu 1659 hadi alipofariki mwaka 1678, na shairi hili lilichapishwa mwaka 1681, miaka mitatu baada ya kifo chake, katika diwani iliyotolewa na mwanamke aliyejiita Mary Marvell na kudai kuwa mjane wake, ingawa wengi waliolichunguza jambo hilo wanamtambua kuwa alikuwa mtunza nyumba wake. Hatuna barua wala dokezo la mwandishi linalotueleza mwanamke wa shairini alikuwa nani, au kama aliwahi kuwapo. Tulicho nacho ni sauti inayosema na sikio linalosemeshwa, yaani nafsineni na nafsinenewa, na zote mbili zimeundwa na mshairi. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ugumu hapa, kwa sababu katika taarabu ni jambo la kawaida mwanamume kutunga maneno ambayo mwanamke atayaimba kama uchungu wake mwenyewe, na hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba amedanganywa.

Swali la kwanza ndilo lenye uzito, nami nitalijibu kwa kudai jambo ambalo huenda likawashangaza wanafunzi wako: makundi yao mawili hayapingani mahali wanapodhani yanapingana. Upande wa utetezi unazungumzia anachokihisi nafsineni, yaani hofu yake ya kifo, na unathibitisha kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Upande wa mashtaka unazungumzia anachokifanya kwa maneno yake, yaani shinikizo analomwekea mwenziwe, na unathibitisha kwamba shinikizo lipo. Lakini mtu anaweza kukiogopa kifo kwa dhati na bado akakitumia kumsukuma mwingine mahali asipotaka kwenda. Ukweli wa hofu haumsafishi, wala ulaghai wa hoja hauifanyi hofu kuwa ya uongo. Kwa hiyo mjadala ukibaki kwenye suala la iwapo mtu huyu ni mkweli, utazunguka mpaka kengele ilie. Unapaswa kuhamia kwenye suala la maneno yake yanamfanyia nini anayeyasikiliza, na hapo ndipo mishororo yenyewe inapoanza kutoa ushahidi.

Tulitazame basi. Lina mishororo 46 inayokwenda miwili miwili kwa kina kimoja, nalo limegawanyika katika sehemu tatu zinazoweza kutajwa kwa maneno matatu tu: kama, lakini, basi. Kama tungekuwa na dunia na wakati wa kutosha, asema, kusitasita kwako, bibi, kusingekuwa kosa; wewe ungeokota johari kando ya mto Ganges, nami ningelalamika kando ya Humber; ningekupenda tangu miaka kumi kabla ya gharika ya Nuhu, nawe ungekataa, ukipenda, mpaka karibu na mwisho wa dunia. Miaka mia moja ingetumika kuyasifu macho na kipaji cha uso wako, mia mbili kwa kila titi, 30,000 kwa sehemu zilizobaki. Kisha sehemu ya pili inabadilisha hewa: nyuma yangu nasikia daima gari la Wakati lenye mabawa likikaribia, na mbele yetu kuna majangwa ya milele. Hapo ndipo kaburi la marumaru linapoletwa, na funza, na vumbi, na majivu. Sehemu ya tatu ni wito: basi sasa, ungali kijana, tucheze wakati bado tunaweza, tuule wakati wetu kama ndege wawindaji badala ya kuliwa nao polepole, na kama hatuwezi kulisimamisha jua, angalau tulifanye likimbie.

Utetezi wa nafsineni una nguvu kuliko inavyodhaniwa na wanaomshutumu kwa haraka. Kwanza, kuna ucheshi, na ucheshi ni ushahidi. Mwanamume anayemweka mwanamke kando ya Ganges akiokota johari, na kujiweka mwenyewe kando ya mto wa tope wa kwao, anajicheka. Hesabu ya miaka 30,500 ni chuku ya makusudi inayodhihaki desturi ya washairi wa Ulaya waliokuwa wakimsifu mwanamke kiungo kwa kiungo, na haielekei kwamba msikilizaji mwerevu angeichukua kama ahadi. Pili, wazo la kuifaidi siku kabla haijapita halikubuniwa na tapeli mmoja wa karne ya 17. Horace, mshairi wa Roma ya kale, aliliandika kwa Kilatini katika odi zake zilizotoka mwaka 23 KK, na tangu hapo likawa mada ya kawaida, hata msomaji wa Marvell alilitambua mara moja kama msikilizaji wa taarabu anavyotambua mafumbo ya ua na nyuki. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi, sehemu ya tatu inabadilisha viwakilishi. Tangu mshororo wa 37 kila kitu ni chetu: tucheze, wakati wetu, nguvu zetu zote na utamu wetu wote tuuviringe uwe tufe moja, jua letu. Ndege wawindaji ni wawili, na wote wana makucha. Mwanamke wa hapa si ua linalosubiri kuchumwa. Ni mshirika mwenye nguvu sawa. Mvulana wako akitaka kushinda, aihame hofu ya kifo aende akasimame kwenye mishororo hiyo, kwa sababu hapo ndipo mteja wake anaposema jambo ambalo washairi wengi wa kutongoza hawalisemi.

Mashtaka nayo yaanze na mantiki, maana shairi lenyewe limevaa nguo za mantiki. Nafsineni anasema: kama tungekuwa na muda, kusita kwako kusingekuwa kosa, muda hatuna, basi ni lazima uache kusita. Hitimisho hilo halitokani na yaliyotangulia. Ni sawa na kusema kwamba kama leo ingekuwa sikukuu duka lingefungwa, na kwa kuwa leo si sikukuu basi duka liko wazi, ilhali mwenye duka anaweza kuwa amefiwa. Kukosekana kwa sababu moja ya kusita hakuondoi sababu nyingine zote, na mwanamke wa Uingereza ya karne ile alikuwa nazo nyingi, tangu mimba hadi kupoteza nafasi ya kuolewa, hadi jina lake kutajwa vibaya kwa maisha yake yote. Msomaji atafute katika mishororo 46 neno lolote kuhusu ndoa au mtoto, hatalipata. Nafsineni anajua jiografia ya Bara Hindi na tarehe ya gharika, lakini hajui, au anajifanya hajui, kwamba mwanamke anaweza kushika mimba. Kwangu mimi, ukimya huo ni ushahidi mzito kuliko vitisho vyote vya kaburi.

Tuje sasa kwenye funza, kwa sababu msichana wako ameuliza swali ambalo maprofesa wameandikia makala. Tuigawe mishororo ya 25 hadi 30 kwa wenyewe. Uzuri usiopatikana tena ni wako. Kaburi la marumaru ni lako. Wimbo ambao hautasikika humo ni wangu. Funza wataujaribu ubikira ulioutunza kwa muda mrefu, na heshima yako itageuka vumbi, na tamaa yangu yote itageuka majivu. Msichana atakuwa amekosea kidogo tu ikiwa anamaanisha kwamba kifo kinamhusu mwanamke peke yake, kwa sababu mwanamume naye anaangamia, lakini katika mgawanyo wa uharibifu mwanamke ameangukiwa na wadudu na mwanamume ameangukiwa na moto. Majivu ni mabaki ya kitu kilichowaka. Vumbi ni mabaki ya kitu kilichooza. Tena mwanamume hakujiweka kaburini hata kidogo: kinachokufa upande wake ni tamaa tu, naye amebaki mwimbaji ambaye wimbo wake haufiki ndani. Na kazi waliyopewa funza ni ile ile anayoitaka yeye, hata picha inakuwa ya kuchukiza kwa makusudi: usiponipa mimi, watachukua wao. Sijui jina jingine la maneno ya namna hiyo isipokuwa vitisho, hata yakisemwa kwa tabasamu, na tabasamu lipo, kwa sababu mishororo miwili inayofuata inasema kwamba kaburi ni mahali pazuri pa faragha ila, nadhani, hakuna wanaokumbatiana humo. Kile kijineno "nadhani" ni cha mchezaji hodari sana.

Kuna mshororo mwingine ambao upande wa mashtaka huupita bila kuuona, nao ni wa 35. Nafsineni anasema kwamba roho ya mwanamke, iliyo tayari, inatoka kama jasho kwenye kila kitundu cha ngozi yake kwa miali ya moto. Ni nani amesema iko tayari? Mwanamke hajasema lolote. Anayesema ni yule yule anayenufaika kwa jibu la ndiyo, na ushahidi wake ni ngozi iliyopata rangi, jambo linaloweza kusababishwa na haya, hasira au jua. Kwa hiyo ule wingi mtamu wa "sisi" ambao utetezi unautegemea umejengwa juu ya idhini ambayo mwanamume amejiandikia mwenyewe mishororo miwili kabla. Utetezi ukitaka kuusimamisha tena wingi huo, hauna budi kutafuta njia ya kuueleza mshororo wa 35, na sijaona insha nyingi za wanafunzi zinazojaribu.

Yote hayo yanatuleta kwa nafsinenewa, ambaye katika mashairi ya aina hii hutendewa kana kwamba hayupo. Nawashauri wanafunzi wasidhani kwamba asiyesema hafanyi kitu. Mfano mzuri ni shairi la John Donne, "The Flea", lililochapishwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake. Lina beti tatu za mishororo tisa tisa. Kiroboto amemnyonya mwanamume, kisha amemnyonya mwanamke, na mwanamume anadai kwamba kwa kuwa damu zao zimekwisha changanyika ndani ya mdudu huyo bila dhambi wala fedheha, hakuna sababu ya kunyimwa kilichobaki. Kati ya ubeti wa kwanza na wa pili mwanamke ameinua mkono kumuua kiroboto, ndiyo maana ubeti wa pili unaanza kwa kumsihi asiue. Kati ya wa pili na wa tatu amekwisha kumuua, na ukucha wake una damu. Hana neno hata moja katika shairi, lakini amejibu mara mbili katika nafasi iliyo kati ya beti. Mwanamume hashindwi, maana huigeuza mauaji hayo kuwa hoja mpya: umeona kwamba kifo cha kiroboto hakijakupunguzia kitu, basi na heshima yako haitapungua zaidi ya hapo ukinikubali. Ni uhodari wa kuchekesha, na ni uhodari wa mtu ambaye hoja yake ya kwanza imepondwa kwa ukucha.

Tukirudi kwa Marvell na jicho hilo, tunaona kwamba mwanamke wake naye amekwisha kufanya jambo kabla ya mshororo wa kwanza: amesita. Shairi zima ni jibu kwa kusita huko, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia kusema, na mwanamume ndiye anayejibu. Kisomi, hili linabadilisha mizani ya mjadala. Nafsineni si mwenye jukwaa anayemhutubia mnyonge. Ni mtu aliyekwisha kukataliwa, anayetumia mishororo 46 pale ambapo mwenziwe alitumia labda kutikisa kichwa tu.

Kipimo kingine kinachofaa darasani ni kuuliza anayesema atapata nini akikubaliwa. Robert Herrick, kasisi wa kijiji cha Dean Prior huko Devon ambaye hakuoa maisha yake yote, alichapisha mwaka 1648 shairi la beti nne, "To the Virgins, to Make Much of Time", lenye hoja ile ile ya maua yanayonyauka na jua linalokwenda kutua. Lakini nafsineni wake anawasemesha mabikira wengi kwa pamoja, na katika ubeti wa mwisho anawaambia waolewe. Yeye mwenyewe haombi chochote. Hoja haijabadilika, kinywa ndicho kilichobadilika, na pamoja nacho masilahi. Mwanafunzi mkali anaweza bado kuuliza kwa nini mzee awaharakishe wasichana kuolewa, nami ningemsikiliza, ila hilo ni shtaka la aina nyingine.

Kwamba hoja ya wakati inakata pande zote mbili si uvumbuzi wa wasomaji wa leo. Mnamo mwaka 1599 yalichapishwa maneno ya mchungaji wa kondoo yaliyotungwa na Christopher Marlowe, anayemwita mpenzi wake waishi pamoja, naye atampa vitanda vya mawaridi, gauni la sufu safi, viatu vyenye vifungo vya dhahabu, mshipi wa majani wenye vishikizo vya marijani. Mwaka uliofuata, katika mkusanyo uliokuwa pia na shairi hilo kwa urefu wa beti sita, lilitokea jibu la beti sita kwa mizani ile ile, ambalo hunasibishwa na Walter Raleigh, na ambamo msichana anazichukua zawadi moja moja na kuonyesha jinsi kila moja itakavyochakaa. Kama dunia na mapenzi vingebaki vichanga, asema, na kama kila ulimi wa mchungaji ungekuwa na ukweli, huenda ningeshawishika. Zingatia kwamba na yeye ameanza na "kama", na kwamba dhana yake ni ile ile ya Marvell, yaani kila kitu hupita upesi, lakini hitimisho lake ni kinyume: kwa kuwa vinapita, siji. Jibu hilo lilikuwapo miongo kadhaa kabla ya shairi la Marvell kuandikwa. Kwa hiyo anayedai kwamba wasomaji wa zama zile wasingeweza kumpinga nafsineni, na kwamba kumpinga ni kumletea mawazo ya kisasa, hajaisoma karne yenyewe.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati kwamba majibizano ni desturi yetu. Malenga akitoa shairi, mwenziwe hulijibu kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile; kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, zilijaa mabishano ya namna hiyo, na kabla yake Muyaka wa Mombasa alikuwa bingwa wa kurusha na kupokea. Ndiyo maana ninakushauri usiishie kwenye insha. Waambie wanafunzi waigeuze hoja ya Marvell kuwa ubeti wa mizani kumi na sita, halafu kundi la pili lijibu bila kubadilisha kina. Nimejaribu mwenyewe kwa ajili yako, na sidai kwamba ni mashairi makubwa:

Lau muda na dunia, vingekuwa vyetu sote,
Ningekaa kusifia, umbo lako mwili wote,
Ila nyuma nasikia, kifo mbio kitupate,
Basi njoo karibia, leo hii tusisite.

Na jibu:

Kifo unachonambia, si changu ni chetu sote,
Wewe ukishatulia, utaondoka upite,
Mimi nitabakilia, lawama zote nipate,
Kama saa yakimbia, kwetu posa uilete.

Faida ya zoezi hili ni kwamba anayejibu analazimika kuichukua dhana ya mpinzani kabla ya kuikataa. Mshororo wa mwisho haukani kwamba wakati unakwenda. Unakubali, kisha unauelekeza kwa wazazi. Mtu anayeharakishwa na kifo kiasi hicho, kwa nini hakuanza safari ya kwenda kujitambulisha nyumbani kwa binti, kama Baganda wafanyavyo katika kwanjula? Katika sekunde chache mwanafunzi ameugusa ule ukimya wa shairi kuhusu ndoa ambao katika insha ungemchukua kurasa mbili kuufikia. Nimeona pia kwamba wavulana wakipewa upande wa kujibu hutunga majibu makali kuliko wasichana, labda kwa sababu wanazijua hila kwa ndani.

Hata hivyo, kundi la mashtaka lisije likadhani kwamba jibu la mwanamke ndilo ukweli wenyewe. Hapa Uganda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta onyo. Okot p'Bitek alitoa "Song of Lawino" mwaka 1966, na mwaka 1970 akatoa "Song of Ocol", mume akijibu malalamiko ya mke. Si mashairi ya kutongoza, bali ya ndoa iliyovunjika, lakini ndani yake kuna kutongoza kunakosimuliwa na aliyetongozwa: Lawino anamkumbusha Ocol siku alizokuwa akimchumbia, matiti yake yakiwa bado yamesimama, na jinsi Ocol alivyotetemeka alipoziona chale zilizomo mwilini mwake. Mwanamume anayemwona leo kuwa mshamba ndiye aliyetetemeka jana. Huo ni ushuhuda ambao mwanamke wa Marvell hakupewa nafasi ya kuutoa. Lakini Lawino naye ni nafsineni mwenye masilahi: ameachwa, mwenziwe Clementine amechukua nafasi, na kila sifa anayojipa na kila kasoro anayompa mwenziwe inapita katika kinywa cha mtu aliyeumizwa. Wasomaji waliomchukua Lawino moja kwa moja kuwa ndiye Okot wamefanya kosa lile lile la kumchukua mtongozaji kuwa ndiye Marvell. Ocol kwa upande wake amepewa nafasi kamili ya kujitetea, naye anaitumia kutukana, hata mashtaka ya mkewe yanapata uzito kutokana na utetezi wake. Nafsineni anaweza kuhukumiwa kwa ulimi wake mwenyewe bila shahidi wa pili kuitwa, na hivyo ndivyo ninavyodhani Marvell alivyomfanyia mtu wake katika mshororo wa 35.

Ukiniuliza mimi nasimama wapi, nasimama na mashtaka, lakini mashtaka yaliyokubali ucheshi. Nadhani shairi linamwonyesha mtu mwerevu mno anayejua kwamba hoja yake haisimami, anayeusikia kweli mwendo wa wakati nyuma yake, na anayeamua kumgeuzia mwenziwe hofu hiyo kwa kuwa hawezi kuigeuzia mahali pengine. Nadhani pia kwamba wasikilizaji wa kweli wa mashairi ya aina hii walikuwa wanaume wenzake, waliokuwa wakiyanakili na kuyapitisha kwa mkono na kucheka kwa ustadi wake, na kwamba mwanamke shairini ni kisingizio kizuri. Anayetaka kunipinga aanze na mishororo ya 38 hadi 44, kwa maana sijafanikiwa kuieleza yote kwa nadharia yangu. Lile tufe la nguvu na utamu linalopasua malango ya chuma ya uhai halina harufu ya ulaghai hata nikilinusa vipi.

Kuhusu alama, kigezo changu ni kimoja: mwanafunzi amefanya nini na mishororo inayoumiza upande wake? Mvulana aliyeandika kwamba nafsineni mwenyewe anaogopa kufa ameona kweli, lakini ameishia pale ambapo kazi ilipaswa kuanza. Mpe alama za wastani, na umwombe aeleze kwa nini mwoga huyu aliyataja matiti ya mwenziwe kabla ya moyo wake, maana moyo umewekwa mwisho kabisa wa orodha. Msichana aliyeuliza kuhusu funza anastahili alama za juu kwa swali hilo tu, kwa sababu limetoka katika mgawanyo wa maneno, wala halikutoka katika chuki dhidi ya wanaume. Ila usimpe zote mpaka aseme kitu kuhusu yale majivu.

Watakuwapo pia waliohitimisha kwamba pande zote mbili zina ukweli wake, wakaweka nukta. Najua mitihani imewazoesha kudhani kwamba hitimisho la namna hiyo ni la kiungwana. Warudishie karatasi, kila mmoja aandike ukurasa mmoja akiutetea upande asioupenda, na asiruhusiwe kuuruka mshororo wa 35.